Nachora Mji Mkongwe ila naambiwa picha zangu zimekufa, nakosea wapi?

Swali limetoka kwa kijana wa Unguja, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Mi nina miaka 23, nakaa Michenzani, nachora Mji Mkongwe kwa kalamu na rangi za maji, nauza kwenye maduka mawili matatu. Nyumba zangu zinaegemea nyuma kama zinataka kuanguka, watu wangu wanaelea, na rafiki yangu kaniambia picha zako nzuri lakini zimekufa. Huwa nachorea picha za simu nyumbani kwa sababu nikikaa njiani watu wananizonga. Halafu Beit el Ajaib, lile kasri la zamani la sultani lililoanguka mnara, wateja bado wanaitaka na mnara wake, sasa niutie au nisiutie? Na karatasi zangu zinaota madoa ya kahawia, dawa yake nini?"

Marahaba mdogo wangu, na samahani nimechelewa, nilikuwa shamba na huko mtandao ni wa kubahatisha. Zile picha tano ulizotuma nimeziangalia moja moja, nimezikuza mpaka simu ikapata moto. Mkono unao. Mistari ya kalamu yako haitetemeki na ule mlango wa misumari ya shaba umeuchora vizuri kuliko nilivyokuwa nachora mimi umri wako, kwahiyo sitaki uende kununua brashi mpya ukidhani tatizo ni brashi. Tatizo lako karibu lote linatoka kwenye simu, na lililobaki linatoka kwenye kuzoea.

Nianze na simu. Ukisimama kwenye kichochoro, ukuta wa mbele yako uko hatua nne tu na nyumba ina ghorofa tatu, haienei kwenye kioo. Unafanya nini? Unainua simu iangalie juu, au unabonyeza ile nusu, ile lenzi pana. Yote mawili yanakuharibia. Simu ikiangalia juu, kuta za kushoto na kulia zinasogeleana kule juu, nyumba inakuwa kama mtu anayerudi nyuma kukwepa kofi. Na ile lenzi pana inavimbisha cha karibu na kudumaza cha mbali, ndo maana kwenye picha yako ya pili baraza ni kubwa kama jahazi na msikiti wa nyuma umekuwa kibiriti. Wewe mwenyewe ukiwa pale hukuona hivyo, uligeuza kichwa, ukaangalia chini, ukaangalia juu, akili ikapanga kila kitu sawa. Ukirudi nyumbani ukaikopi ile picha mstari kwa mstari unakopi kosa la lenzi, na mteja hajui kwanini ila anahisi nyumba inamwangukia.

Sasa la kuchekesha ni kwamba nyumba za Mji Mkongwe kweli zimeegemea! Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, mabati yakivuja miaka kumi maji yanaingia ndani ya ukuta, chokaa inalainika, ukuta unatoa tumbo. Kwahiyo utajuaje upi ni mwinamo wa nyumba na upi ni mwinamo wa simu? Hili nilifundishwa na fundi mwashi, skuli hawakunifundisha. Chukua uzi, funga funguo mwishoni, unyooshe mkono, fumba jicho moja, uache uzi utulie halafu uulinganishe na pembe ya nyumba. Ndo timazi hiyo hiyo ya mafundi. Kuna nyumba mtaa wa Kiponda niliipima hivyo, pembe ya kulia ilifuata uzi mpaka juu bila wasiwasi, pembe ya kushoto ikawa inaachana na uzi taratibu mpaka kwenye paa nafasi imekuwa upana wa kidole cha mwisho. Basi kidole hicho ndo nyumba yenyewe. Ukikinyoosha unachora benki, ukizidisha unachora katuni, kichore kama kilivyo na mtu wa Kiponda atasema hii nyumba naijua.

Na ukishajua nyumba imesimamaje ndani, nje inakuwa rahisi. Boriti ya mkoko haikupi zaidi ya mita tatu hivi, ndo maana vyumba vya zamani ni vyembamba halafu virefu, na madirisha ukiyaangalia yanafuata hicho kipimo, yana mwendo wake. Wewe umeyapanga kwa macho tu, matatu yamebanana, la nne limekimbia. Pia ukuta wa mawe una unene wa nusu mita na zaidi, kwahiyo dirisha ni shimo. Upande mmoja wa lile shimo utaona unene wa ukuta umepigwa na jua, upande mwingine kivuli, na bao la dirisha liko ndani kabisa. Madirisha yako yamebandikwa juu ya ukuta kama stika. Ukitia huo unene tu, hata kwa mstari mmoja wa rangi nyembamba, nyumba inapata uzito. Jaribu leo leo kwenye picha yoyote ya zamani utaona.

Kuhusu nyumba kupishana na watu kuelea, hayo ni ugonjwa mmoja. Mtu kakufundisha, au umeona video, kwamba mistari yote ya mtaa inakutana kwenye nukta moja kule mbali. Ni kweli kwa mtaa ulionyooka. Mji Mkongwe haujanyooka, hakuna aliyepiga kamba, kila nyumba imekaa kwa pembe yake, kwahiyo kila nyumba ina nukta yake. Ukizilazimisha zote kwenye nukta moja kichochoro kinakuwa bomba. Kinachobaki kimoja kwa wote ni usawa wa macho yako. Weka penseli mlalo mbele ya macho, hapo penseli inapokata kuta zote ndo usawa wa macho, na nukta zote za nyumba zote zilizokaa sawa zinalala juu ya mstari huo, moja huku moja kule. Umbali wa kutoka nukta hadi nukta ndo unaofanya kichochoro kipinde.

Watu nao wanatii mstari huo huo. Ukisimama wewe, vichwa vya watu wazima wote waliosimama, wa karibu na wa mbali, vitakuwa karibu mstari mmoja na macho yako, kinachopanda na kushuka ni miguu. Ukikaa kwenye baraza mambo yanageuka, macho yako yameshuka mpaka mita moja na kidogo, kwahiyo mstari unawakata watu wote kiunoni au tumboni, yule aliyeko mbali kabisa pia unamkata tumboni. Kwenye picha yako ya tatu baraza umeichora ukiwa umekaa, muuza kahawa wa karibu umemchora sawa, halafu wale wawili wa mbali umewatoa kwenye picha nyingine uliyopiga umesimama. Ndo maana wanaelea. Wametoka kwenye macho ya mtu mwingine.

Zoezi lako la wiki mbili lifanye hapo hapo kwenu. Michenzani ni zawadi kwa mtu anayejifunza kuchora na nyie wa huko hamjui! Yale majumba yalianza kujengwa miaka ya 1970 wakati wa Mzee Karume, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, barabara mbili zimekatana msalaba na majumba yamenyooka kando yake, mengine yana urefu wa kama mita mia tatu. Mi naziita treni. Pale nukta moja inafanya kazi kweli kweli. Simama kwenye kingo ya barabara, tafuta usawa wa macho, piga mistari ya ghorofa zote mpaka zikutane, rudia kesho ukiwa ghorofani, rudia ukiwa umekaa chini. Halafu baada ya hapo rudi Kiponda uone jinsi mji wa mawe unavyovunja kila ulichojifunza. Na usishangae ukaipenda ile picha ya Michenzani kuliko zote, zile nguo zilizoanikwa, madishi, rangi iliyobanduka, mwanga wa jioni ukilala ubavuni mwa jengo refu namna ile. Duka la watalii hawatainunua labda. Ila mtu wa Unguja aliyeko Toronto au Muscat akiiona ataweka mkono kifuani.

Haya, kufa kwa picha. Rafiki yako kasema kweli, kakosa tu maneno. Kwenye picha zako zote tano sijui ni saa ngapi. Jua liko wapi? Umeweka kivuli chini ya baraza kwa sababu unajua chini ya baraza kuna kivuli, umeweka kivuli upande wa kulia wa mlango kwa sababu mlango mwingine ulikuwa hivyo. Na simu imekusaidia kuua, maana simu ikikutana na ukuta mweupe wa jua kali inaufanya mweupe pepe kama karatasi, na kivuli inakifanya cheusi ti. Wewe ukapaka mweusi.

Nenda ukakiangalie kivuli chenyewe. Kaa mbele ya ukuta wa chokaa saa mbili asubuhi, angalia upande usio na jua kwa dakika tano bila kuchora. Hapo juu kivuli kinaelekea bluu, kinapokea anga. Kadri unavyoshuka kinapata joto, kinaelekea manjano ya vumbi, kwa sababu jua limepiga chini barabarani na likarudi juu ukutani. Chini ya dari ya baraza utakuta rangi karibu ya chungwa. Kivuli kimoja, rangi tatu, na hakuna nyeusi hata moja. Mimi nachanganya bluu ya ultramarini na sienna ya kuchomwa, ile kahawia nyekundu, maji mengi, juu naizidisha bluu na chini naizidisha sienna zikiwa bado mbichi zenyewe zikutane, halafu natoa mkono. Hapo kwenye kutoa mkono ndo wengi tunashindwa. Tyubu yako ya nyeusi mpe mdogo wako achezee. Na ukuta "mweupe" wenyewe una njano ya zamani, una yale machozi meusi ya kuvu yanayoshuka chini ya kila bomba la mvua, una kiraka cha saruji ya kijivu mtu alichoziba 1990 na ngapi. Hayo machozi usiyaonee aibu ukayafuta ili mji uwe msafi.

Saa zenyewe sasa. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda haraka, una saa mbili za asubuhi na saa mbili za jioni, katikati mwanga unaangukia utosini na kila kitu kinakuwa bapa. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 9 Oktoba linapita juu ya kichwa kabisa, saa sita na kidogo mtu hana kivuli, ila huo ndo wakati pekee jua linafika chini kwenye vichochoro vile vyembamba, kama mstari wa maziwa, dakika chache tu limeondoka. Nimewahi kulikosa mara tatu mfululizo kwa sababu ya kuvizia chai. Na kivuli hakisubiri, jua linatembea nyuzi 15 kwa saa. Kwahiyo ukifika kitu cha kwanza kabisa zungushia vivuli kwa penseli, mipaka tu, halafu vikisogea wewe usivifuate. Ukivifuata utakuwa na picha ya saa mbili upande huu na saa nne upande ule, na hapo tena imekufa.

Kwenda pale pale ndo dawa, najua hutaki kusikia. Watu wanakuzonga, wanakupumulia shingoni, watoto wanasema "nichore mimi", kuna mzee lazima atakwambia dirisha hilo halikuwa hapo. Kaa mgongo ukiwa ukutani, hakuna anayeweza kusimama nyuma yako. Salimia wenye baraza kabla ya kukaa, waambie nachora nyumba ile, mara nyingi utaletewa kahawa. Usiwachore akina mama wamekaa mlangoni kwao bila kuomba, na kama umekaa karibu na msikiti wakati wa sala funga vitu vyako. Ukubwa wa ubao uwe wa daftari, siyo wa meza. Ukienda siku ya nne mfululizo mahali pale pale wanakuzoea, unakuwa kama paka. Simu itumie mwishoni, ukishamaliza, piga picha ya mchongo wa mlango au wa ukingo wa dari ili ukamalizie nyumbani, hapo ni msaidizi mzuri. Ikianza kuwa bosi, basi.

Ngoja nikuhadithie aibu yangu moja maana naona na wewe unaielekea. Zamani nilikuwa nachora majahazi kwa wingi, yanauzika. Siku moja nilikuwa Malindi ya hapa Unguja nimetandaza picha zangu, akapita mvuvi mmoja mtu mzima, akainama, akaangalia picha moja muda mrefu mpaka nikaanza kufikiria bei. Akaniuliza, "Hili jahazi lako linakwenda wapi?" Nikamwambia linaingia bandarini. Akasema, "Haliingii hili. Upepo wako unatoka huku," akagusa mnazi niliouchora umepinda, "na tanga lako limejaa kutoka kule. Hili linarudi nyuma, na nahodha hajui." Akaondoka. Wallahi nilikusanya picha nikaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo nikichora bahari naanza na upepo. Kama ni kusi, upepo wa kusini, kila kitu kifuate kusi: minazi, moshi wa jiko, bendera, kanga kwenye kamba, na vyombo vilivyotia nanga vinageuza omo, yaani pua ya chombo, kuelekea upepo unakotoka. Kama ni kaskazi, upepo wa kaskazini, vivyo hivyo. Kwenye picha yako ya tano kuna bendera inapepea kushoto na mashua mbili zimejaza tanga kulia. Na mlingoti wa jahazi umelala mbele kidogo, foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda kwa mshazari, siyo msalaba, wewe umetia kama meli ya maharamia wa kwenye sinema. Kaa na mafundi na mabaharia siku mbili tatu, chora foromali peke yake, chora demani, ile kamba ya kushikia tanga, chora chombo kikiwa mchangani maji yametoka, umbo lote la chini liko wazi. Ngalawa anza nayo, ina vipande vichache.

Na maji yenyewe yana ratiba. Hii siri ntakupa bure. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, huku kwetu maji yanajaa mida ya saa kumi alasiri na kutoka mida ya saa nne asubuhi, na tofauti inafika kama mita nne. Maana yake siku hizo Forodhani alasiri bahari imejaa hadi ukutani, wale vijana wa makachu wanajirusha, na saa hiyo hiyo jua limeshavuka linapiga majumba yote ya Mizingani, ile barabara ya ufukweni, usoni. Ukienda siku za maji mafu utakuta bahari haina habari. Mi kalenda yangu ya kuchora ni mwezi, siyo Jumamosi na Jumapili.

Mwezi wa sita jua linazama upande wa kaskazini kidogo kwahiyo la jioni linaipiga mandhari ya ufukweni usoni kabisa, rangi nzuri ila vivuli vichache. Disemba linazama upande wa kusini, mwanga unapita ubavuni, kila nguzo inatupa kivuli kirefu kwa jirani yake. Kwa mtu wa kalamu kama wewe Disemba ni bora, ila uombe vuli iwe imekwisha.

Kitu kingine kabla sijaja kwenye mnara. Umechora mlango, mlango, jahazi, mlango na kichochoro chenye mlango. Milango ni mizuri sikatai, lakini unaichora kwa sababu kila mtu anaichora. Tunajua Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 Dar es Salaam na vipande vya hardboard na rangi za kung'aa, akafa 1972, miaka minne tu ya kazi, na mpaka leo mitaa mizima inaishi kwa kurudia. Si vibaya, watu wanasomesha watoto. Lakini ukiweka kazi yake yeye karibu na ya elfu moja baada yake unaona nani alikuwa anamwangalia mnyama na nani alikuwa anaangalia picha ya mnyama. Au muangalie Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alisoma na kufundisha Makerere, alichora migomba, mashamba, watu wanabeba pombe ya ndizi usiku kupeleka kwa bibi harusi, mambo ambayo kwao hakuna aliyeyaona kuwa ya kuchora, na picha hiyo ya pombe ikaishia jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa New York. Na hapa hapa Unguja alikuwepo John da Silva, mzaliwa wa Goa, aliyekaa miaka mingi akiuchora Mji Mkongwe nyumba kwa nyumba, zikiwemo nyumba ambazo hakuna mtalii angezigeukia.

Wewe panda darini. Omba mwenyeji yeyote wa nyumba ya ghorofa tatu akupandishe saa kumi na moja jioni. Utaona mji ambao hauko kwenye kadi za posta: bahari ya mabati yenye kutu, mekundu, ya kahawia, mapya yanayong'aa yanaumiza macho, tangi za maji za plastiki nyeusi, na katikati yake minara miwili ya kanisa la Kikatoliki na minara ya misikiti. Kutu hiyo ni sienna ile ile, unaweza kuipaka yote kwa rangi tatu. Sijui kwanini watu hawachori mabati. Mimi nimechora mabati hayo hayo kutoka dari moja labda mara arobaini na bado sijayamaliza.

Sasa Beit el Ajaib. Najua linauma, siku ile tarehe 25 Disemba 2020 pembe nzima ya mbele ilipodondoka, mnara na saa yake vikaenda chini, wakafa mafundi wawili waliokuwa kwenye ukarabati. Mimi nilikuwa na michoro ya jengo hilo kwenye boksi chini ya kitanda, nikaitoa yote nikaipanga sakafuni, nikakuta kwenye michoro zaidi ya ishirini hakuna hata mmoja nimechora kwa makini ile pembe iliyoanguka. Mnara nimechora, nguzo nimechora, ile pembe siku zote nilikuwa naipaka haraka haraka nikimalizia, kwa sababu ilikuwepo na nilijua kesho itakuwepo.

Lakini hebu fikiria historia ya huo mnara. Sultani Barghash alimaliza jengo 1883 na halikuwa na mnara usoni. Mnara wa taa ulisimama peke yake mbele yake. Mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, Waingereza walipopiga mizinga wakavunja kasri za jirani na ule mnara ukaharibika, ndo baadaye, 1897, jengo likatiwa mnara wa saa pale mbele. Kwahiyo kwa miaka kumi na nne Beit el Ajaib lilikuwa Beit el Ajaib bila huo mnara tunaoulilia. Mteja akikwambia bila mnara siyo lenyewe, muonyeshe hiyo miaka.

Kwahiyo jibu langu: vyote viwili vinaruhusiwa, kuchanganya ndo hairuhusiwi. Ukitaka lenye mnara, hiyo ni picha ya zamani, ichore kama ya zamani. Tafuta picha za kabla ya 2020, angalia nguo za watu, angalia bustani ya Forodhani ilivyokuwa kabla haijatengenezwa upya 2009, na nyuma ya karatasi andika mwaka unaouchora. Usitie mnara halafu chini yake ukatia bodaboda ya juzi, maana hapo umemdanganya mteja na mjukuu wake pia. Ukitaka la sasa, chora la sasa na uzio wake na vyuma vya mafundi na nafasi wazi ya anga pale pembe ilipokuwa. Hiyo nafasi ni ngumu kuchora kuliko mnara, ujue. Anga lazima liwe na umbo, kingo za ukuta uliovunjika ziwe na unene, uonyeshe zile nguzo za chuma zilizobaki zinabeba nini na zile zisizobeba kitu tena. Na uichore mara nyingi maana hilo jengo linabadilika, miaka michache ijayo litakuwa limesimama tena kwa sura nyingine na hakuna atakayekumbuka kipindi hiki kilikuwaje, kila mtu alikuwa anachora mnara.

Bei ya zile picha siingilii sana, ila A4 kwa elfu kumi na tano ukitoa karatasi na rangi unabaki na nauli. Fanya ndogo za ukubwa wa daftari dogo zinazoingia kwenye begi la mtalii, hizo ndo za kuuza haraka, na zile ulizokaa siku nne usizipeleke dukani kwanza, zirundike zifike kumi zinazohusu mahali pamoja halafu ndo utafute pa kuzitundika.

Madoa ya karatasi ni kuvu, unyevu wetu wa chumvi na karatasi ya rahisi yenye asidi ndani. Nunua ya gramu 300, ikiwezekana ya pamba, shiti moja kubwa ukate nne inakuja nafuu. Ile ya gramu 80 ya fotokopi inajikunja ukiipaka maji, na hapo nusu ya makosa yako ni ya karatasi, siyo yako. Ibane kwenye plaiwudi kwa selotepu ya karatasi pande zote kabla ya kupaka. Masika rangi haikauki kabisa, subiri, usiiweke juani ikapinda, ikishakauka iache usiku mzima kabla ya kuifunga. Usihifadhi kwenye nailoni, inatoa jasho. Weka kwenye boksi kavu na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, waulize wauza viatu Darajani wanavitupa kila siku, na kila mwezi mara moja vibadilishe uweke vipya. Zilizokwisha kuota madoa usizisugue, utatoboa. Ile ya mlango wa misumari ya shaba ndo naona madoa yako pembeni tu, ikate.